Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Tabora: mdhamini asituchagulie nani atembee

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Pokea salamu zangu za heshima, na pole na majukumu ya mkoa.

Mimi ni katibu wa kikundi cha ngoma hapa Manispaa ya Tabora. Kwa muda sasa wazee, walimu na vikundi vya sanaa tumekuwa tukizungumzia jambo moja: mkoa wetu uwe na maandamano yake ya urithi kila mwaka. Yaanzie stesheni ya reli, yaishie Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, ngoma ya hiari ya moyo ikiwa mbele, bayeye na nyoka wao wakifuata, watoto wa shule wakiwa na mabango ya Mtemi Mirambo na Mtemi Isike. Wazo hili nalipigania kwa moyo wangu wote. Majirani zetu Wasukuma wana tamasha lao la ngoma, Bulabo, pale Bujora mkoani Mwanza, ambako vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana nani avute watu wengi zaidi. Songea ilipokea Tamasha la Utamaduni la Kitaifa mwaka 2024. Sisi tuna tembe la Kwihara, tuna Urambo, tuna njia ya misafara ambayo mapagazi wa Kinyamwezi waliikanyaga kwenda Ujiji na kwenda pwani, lakini hatuna siku hata moja ya kumwambia mgeni, karibu, hii ndiyo Tabora.

Mkono mtupu haulambwi, ndiyo maana kila kikao chetu kinaishia kwenye neno udhamini. Wanatajwa watu wa simu, watu wa benki, watu wa bia, watu wa tumbaku. Hapo ndipo ninapokuomba, Mheshimiwa, usimamishe mambo kidogo. Kabla barua ya kwanza ya kuomba udhamini haijatoka, iandikwe na itangazwe kanuni inayosema nani anatembea kwenye maandamano haya na nani ana neno la mwisho. Na ndani ya kanuni hiyo iwekwe wazi kwamba hakuna mwenye urithi huu atakayeondolewa kwa tetesi za maisha yake ya faragha, hata kama tetesi hizo ni kwamba anapenda watu wa jinsia yake. Najua sehemu hii ya pili ni nzito kwa masikio ya wengi hapa kwetu. Naomba unisikilize hadi mwisho.

Wenzetu wa Marekani walipita njia hii, na imeandikwa vya kutosha. Watu wenye asili ya Ireland huandamana New York kila Machi kwa heshima ya Mtakatifu Patrick, na wameandamana tangu mwaka 1762. Mwaka 1991 kundi la Wairishi wapenzi wa jinsia moja liliomba kutembea pamoja na ndugu zao. Waandaaji wakawakatalia bango lao, ila tawi moja la chama cha Wairishi likawapokea kama wageni wake. Meya wa jiji wakati huo, David Dinkins, akaacha nafasi yake ya mbele na kwenda kutembea katikati yao. Wakazomewa njia nzima, na makopo ya bia yakawa yanarushwa kutoka pembeni mwa barabara. Mwaka uliofuata mlango ukafungwa, ukabaki umefungwa kwa zaidi ya miaka 20.

Boston mambo yalifika mbali zaidi. Mahakama ya jimbo iliamuru kundi kama hilo liruhusiwe, na mwaka 1994 waandaaji wakaona heri wafute maandamano yote kuliko kutembea nao. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1995 majaji wote tisa wakasema: maandamano ya watu binafsi ni kauli yao, serikali haiwezi kuwalazimisha nani awe ndani. Kisheria suala likawa limekwisha.

Lililofungua mlango baadaye ni fedha. Machi 2014, kampuni inayotengeneza bia ya Samuel Adams ilijitoa kuyadhamini maandamano ya Boston. Heineken ikajitoa New York. Guinness, bia ile ile inayonywewa kwenye baa zetu hapa Tabora, ikajitoa New York siku moja tu kabla ya maandamano. Meya wa New York na meya wa Boston nao hawakutembea mwaka huo. Septemba mwaka huo huo, waandaaji wa New York wakatangaza kwamba mwaka 2015 kundi moja la wapenzi wa jinsia moja litaruhusiwa na bango lake.

Mheshimiwa, naomba utazame ni kundi gani hilo. Wale Wairishi waliokuwa wakiomba tangu 1991 hawakuwamo. Walioruhusiwa walikuwa wafanyakazi wa NBCUniversal, kampuni ambayo televisheni yake ndiyo inayorusha maandamano hayo hewani. Wenye urithi, waliosimama pembeni mwa barabara mwaka baada ya mwaka, kundi lao la Lavender and Green lilisubiri hadi 2016. Mimi naamini watu wale walistahili kutembea tangu siku ya kwanza, kwa sababu walikuwa Wairishi na siku ilikuwa ya Wairishi. Na inaniuma kwamba mlango ulipofunguliwa, aliyepita kwanza alikuwa mshirika wa kibiashara.

Wapo watakaosema basi wadhamini ni watu wema, walisimamia haki. Mwaka 2014 walifanya jambo jema, sikatai. Lakini mwaka 2025 waandaaji wa sherehe za wapenzi wa jinsia moja kule San Francisco walieleza kwamba kampuni kadhaa kubwa zimejiondoa kwenye udhamini wao, na katika waliotajwa ilikuwemo Diageo, ambayo ndiyo mmiliki wa Guinness. Upepo wa siasa nchini mwao ulikuwa umegeuka. Mdhamini huhesabu wateja wake, na hesabu ikibadilika naye hubadilika. Simlaumu, ndiyo kazi yake. Ninachosema ni kwamba urithi wa watu hauwezi kuwekwa chini ya hesabu hiyo, iwe inamwingiza mtu au inamtoa.

Sasa nirudi hapa nyumbani, maana nisingeandika barua kwa ajili ya New York peke yake.

Kikundi chetu kilikuwa na manju, kijana wa mtaa huu huu, mjukuu wa manju. Akianza wimbo huwa hapaazi sauti. Anainama kidogo, usinga begani, anatoa mstari wa kwanza taratibu kama anayemwita mtu wa chumba cha pili, na kabla hajamaliza, njuga za miguuni mwa wenzake zimeshaitika. Wazee waliokwisha kuacha kucheza walikuwa wanasimama. Mtaani walikuwa na maneno yao juu yake: hajaoa, anatembea vile, rafiki yake ni fulani. Mimi sikuwahi kumuuliza na haikunihusu. Tulipoalikwa kwenye tamasha moja lenye mdhamini mkubwa, nilipeleka majina ya wachezaji kama nilivyoagizwa. Siku chache kabla ya shughuli nikapigiwa simu na mtu wa kamati: yule kijana mtoe, mdhamini hatapenda. Nikamuuliza kama mdhamini amesema hivyo. Hakuwa amesema. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Nikakataa, na kamati ikalifuta jina lake yenyewe, kwa kalamu nyekundu, karatasi ile ninayo hadi leo. Tulicheza bila manju. Wachezaji walivalishwa fulana za mdhamini juu ya kaniki na shanga, kiasi kwamba ukitazama picha za siku ile unaona nembo kwanza na ngoma baadaye. Kijana hajarudi kikundini. Nyimbo alizofundishwa na babu yake anazijua yeye, na mimi nilikuwa nimerekodi chache tu kwenye simu.

Ndiyo maana naogopa, Mheshimiwa. Jina la mdhamini litatumika kama fimbo na watu ambao hata hawajazungumza naye. Leo ataondolewa huyu kwa minong'ono ya jinsia, kesho mwingine ataambiwa ni mchawi, keshokutwa Mmanyema ataambiwa si wa hapa, wakati mji huu wenyewe uliinuliwa na watu wa kuja na kupita: Wanyamwezi, Wamanyema, Waarabu, Wasukuma, na wengine walioshuka kwenye treni wakabaki.

Nijibu na suala la sheria, kwa sababu litakuwa la kwanza kuulizwa mezani kwako. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinajulikana, na adhabu yake ni kali: kifungo cha maisha, na kisipungue miaka 30. Sina mamlaka ya kukibadilisha, na barua hii haikuombi hilo. Lakini kifungu hicho kinahusu vitendo, na mahakama ndiyo inayopima ushahidi wa vitendo hivyo. Kupiga ngoma barabarani mchana kweupe si kosa kwa mtu yeyote. Kamati ya maandamano haina kazi ya upelelezi, na isipewe.

Na wewe unajua kuliko mimi jinsi neno la mkuu wa mkoa linavyosafiri. Mwaka 2018 aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam alitangaza msako na kuwataka wananchi wapeleke majina ya watu waliowashuku. Wizara ya Mambo ya Nje ikalazimika kutoa tamko kwamba yale ni maoni yake binafsi na si msimamo wa Serikali. Denmark ikazuia msaada wa krona milioni 65. Watu wakajificha ndani, na jirani akawa anamtazama jirani kwa jicho jingine. Sitaki Tabora ifike huko kwa mlango wa nyuma, kupitia orodha ya wachezaji wa ngoma.

Wapo watakaosema haya yameletwa na Wazungu. Manju ninayemzungumzia alizaliwa hapa, alicheza utotoni chini ya miembe hii hii, na kilio chake nimekisikia mwenyewe. Sijatumwa na mtu.

Kwa hiyo ninachoomba ni hiki. Orodha ya wanaotembea ipangwe na vikundi vyenyewe pamoja na Afisa Utamaduni, na mdhamini asiwe na kiti kwenye kikao hicho. Anayetaka mtu aondolewe aandike barua na kuweka sahihi yake, na sababu iwe jambo alilolifanya ndani ya shughuli: kulewa, kupigana, kutukana watu. Minong'ono isipokelewe. Nembo za wadhamini zikae uwanjani, kwenye mahema na jukwaani, zisivalishwe juu ya mavazi ya ngoma. Na hili naliona kubwa kuliko yote: usafiri, chakula na posho za wachezaji vitoke kwenye mapato ya ndani ya halmashauri, hata kama ni kidogo, na fedha ya mdhamini ilipie vipaza sauti, mahema na matangazo. Hapo akijitoa siku moja kabla, kama Guinness walivyofanya, tutakosa spika lakini maandamano yatatoka. Na akija na sharti la kumtoa mtu, au la kumwingiza mtu wake mbele ya wenye ngoma, tutakuwa na uwezo wa kumshukuru na kumwacha aende.

Rasimu ya kanuni hii tumeshaiandika, ni kurasa mbili. Tunaomba kuiwasilisha kwa Afisa Utamaduni wa Manispaa, nakala ofisini kwako, na tupewe nafasi kwenye kikao cha maandalizi kabla bajeti ya mwaka ujao wa fedha haijafungwa. Nitakuja na viongozi wa vikundi vingine vya ngoma vya hapa mjini, na wazee wawili wa Kwihara wameshakubali kufuatana nasi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Katibu wa kikundi cha ngoma,
Isevya, Tabora