Kabla hujanunua chochote

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi kutoka Arusha. Natumaini wewe, mama na wadogo zako hamjambo. Sisi huku tu wazima, baridi tu ndiyo inatusumbua.

Ujumbe wako umenifurahisha mno. Unauliza ununue nini ili wewe na wenzako muanze kucheza Dungeons & Dragons, ule mchezo wa mezani ambao kila mmoja anaigiza mhusika wa hadithi na dadu zinaamua yanayompata, na umetaja vitabu vitatu, vinyago vya kupaka rangi na ramani za mezani. Tafadhali, usinunue hata kimoja kwanza. Mnachohitaji ni watu wanne au watano ambao wakisema watakuja wanakuja kweli, penseli na raba, karatasi, dadu, na mmoja wenu aliye tayari kuongoza. Vinyago ni vizuri, navipenda sana, lakini vifuniko vya soda vinaonyesha vilevile nani amesimama wapi.

Kanuni ni za bure. Kampuni yenye mchezo huu, Wizards of the Coast, iliweka kanuni za msingi za toleo la tano kwenye tovuti yake mwaka 2014. Kisha Januari 2023 ikatoa hati ya kanuni hizo, iitwayo SRD 5.1, kwa leseni huria ya Creative Commons. Hapo umeruhusiwa kusoma, kunakili, kuchapisha na hata kutafsiri, mradi utaje ulikoitoa. Ndiyo maana nimeanza kuziandika kurasa za mwanzo kwa Kiswahili, nazo nimeziambatanisha na barua hii. Kachapishe steshenari, nakala moja kwa kila mchezaji. Zipo pia kanuni zilizofanyiwa marekebisho mwaka 2024, ila kwa sasa shikeni hizi za 2014 peke yake, maana mkichanganya mtabishana usiku kucha.

Dadu ndizo zinazowatisha wengi. Zipo za pande 4, 6, 8, 10, 12 na 20, na seti ya dukani huwa na dadu 7 kwa sababu ya pande 10 zinakuwa mbili, kwa ajili ya kupata asilimia. Ya pande 6 mnayo tayari kwenye ludo. Zilizobaki, programu za bure za simu zinazirusha vizuri. Simu zikiisha chaji, kata vipande 20 vya karatasi vilivyolingana, viandike 1 hadi 20, vitie kwenye kikombe. Anayechota asome, arudishe kipande chake, kisha atikise. Asiporudisha, namba zitapungua na bahati ya anayefuata haitakuwa sawa na yake.

Sasa uone jinsi mambo yanavyokwenda. Tuseme mdogo wako Baraka amechagua mpiganaji. Karatasi ya mhusika wake ina sifa sita: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, hekima na haiba. Nguvu zake ni 16, na 16 inampa nyongeza ya 3. Kwa kuwa amefunzwa kutumia upanga, anaongeza 2. Mbele yake njiani ametokea goblini, kiumbe mdogo mwenye hila, ambaye kinga yake ni 15 na uhai wake ni 7. Baraka anasema, "Namrukia kabla hajapiga kelele." Anarusha dadu ya pande 20, inatoka 12. Kumi na mbili na tano ni 17, imeipita 15, basi upanga umempata. Anarusha ya pande 8 kupima jeraha, inatoka 4, anaongeza 3 ya nguvu: 7 kamili. Goblini chini! Utaona meza nzima inavyoinuka.

Ukishaelewa hapo, umeelewa sehemu kubwa ya mchezo. Kupanda ukuta, kumdanganya mlinzi wa lango, kunusa sumu kwenye kikombe, yote ni dadu ileile ya pande 20 pamoja na nyongeza, dhidi ya namba anayoiweka kiongozi. Jambo rahisi mpe 10, la wastani 15, gumu 20. Tena usirushishe watu dadu kwa kila kitu. Kufungua mlango usiofungwa hakuhitaji bahati.

Kiongozi uwe wewe. Nakuomba kwa sababu nakujua: unasikiliza watu. Kiongozi hashindani na wachezaji; kazi yake ni kueleza wanachokiona, kuwauliza "mnafanya nini?", kisha kukubali jibu hata kama hakulitarajia. Usiandike hadithi yenye mwisho. Andaa kijiji kimoja, shida moja na sehemu moja ya hatari. Mfano, mbuzi wa kijiji wanapotea usiku na nyayo zinaelekea pangoni. Kwa wachezaji wanne wanaoanza, weka goblini wawili kwenye pigano la kwanza. Watatu tayari ni hatari, kwa sababu mwenye uchawi ana uhai mdogo sana. Na uhai wa mtu ukifika 0 hajafa bado. Kila zamu yake anarusha dadu ya 20, na 10 kwenda juu ni nafuu. Akipata nafuu tatu anatulia, akikosa mara tatu ndipo anakufa. Huo ndio muda wa wenzake kumkimbilia, na mara nyingi ndipo watu wanapoanza kupendana kama kundi.

Saa tatu zinatosha kwa siku ya kwanza. Wape wahusika walio tayari, wasianze kwa kujaza fomu.

Kuhusu wasiwasi wa mama ulioniandikia, kwamba mchezo huu una majini na uchawi, usiupuuze. Wazazi wengi Marekani waliogopa hivyohivyo miaka ya 1980, wakati mchezo wenyewe ulikuwa umetoka mwaka 1974 tu. Mkaribishe akae nanyi, asikie. Atawakuta mnajumlisha namba na kubishana mbuzi wameenda wapi. Na kama hataki uchawi nyumbani kwake, chezeni wapiganaji na wajanja wa kufungua makufuli, mchezo hauharibiki.

Mkiingia mwezi wenu wa pili wa kucheza na bado mnakutana, hapo changeni pesa mnunue Player's Handbook, yaani kitabu cha wachezaji, kimoja cha kundi zima, cha toleo mnalocheza. Vile vingine viwili baadaye.

Nipigie Ijumaa jioni tuichore pamoja ramani ya pango. Mwambie mama shikamoo, na Baraka anifikirie jina la mpiganaji wake.

Rafiki yako,
Upendo