Waigizaji wa kike wa tamthilia waachwe wazeeke kazini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu picha za waigizaji wa kike wa tamthilia za televisheni ambazo ukurasa wenu wa burudani hupenda kuzichapisha mbilimbili, ya zamani upande mmoja na ya sasa upande wa pili, huku msomaji akialikwa kukisia nani amevutwa ngozi, nani amechomwa sindano na nani amejazwa midomo. Nimezitazama tamthilia hizi kwa miaka mingi na ninazipenda bila kificho, ndiyo maana picha hizo zinaniuma. Zinamfanya mwanamke aliyefanyiwa upasuaji wa urembo aonekane mjinga au mwenye majivuno, ilhali waliomwajiri, ambao ndio hasa waliomsukuma hadi kwenye kitanda cha daktari, hawatajwi hata kwa neno moja.

Tuitazame kwanza kazi yenyewe. Tamthilia za mchana za Marekani hurushwa siku tano kwa wiki, mwaka mzima, na hazina likizo ndefu kama zile za usiku. Simulizi yake huendeshwa kwa nyuso: mhusika anaambiwa habari nzito, muziki unapanda, kamera inamsogelea na kutulia usoni mwake kwa sekunde kadhaa kabla onyesho halijakatika. Ni nadra kupata kazi nyingine ya uigizaji ambamo uso wa mwanamke hukodolewa macho kwa ukaribu huo, siku baada ya siku, pengine kwa miaka 20 au 30. Mwaka 2001, The Young and the Restless ikawa tamthilia ya kwanza ya mchana kurushwa kwa picha ang'avu za HD, na poda iliyokuwa ikificha mikunjo ya chini ya macho ikaanza kuonekana yenyewe.

Halafu kuna mikataba. Mwigizaji husaini kwa miaka kadhaa, lakini ndani ya mkataba huwamo kifungu kinachomruhusu mtayarishaji kumwachisha kazi kila unapokamilika muda fulani, kwa kawaida wiki 13 au 26, wakati mwigizaji mwenyewe hana ruhusa ya kuondoka kabla ya miaka yake kwisha. Sasa liangaliwe na hili. Botox, dawa ya sindano ambayo mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliiidhinisha mwaka 2002 kwa ajili ya kulainisha mikunjo iliyo katikati ya nyusi, huzuia ujumbe wa mishipa ya fahamu usiifikie misuli, na nguvu yake hudumu miezi mitatu au minne tu. Wiki 13 ni miezi mitatu. Mwanamke anayejua kwamba ajira yake inaweza kukatwa kila robo mwaka, na kwamba mikunjo yake hurudi takriban kila robo mwaka, hahitaji mtu wa kumshurutisha kwenda kuchomwa sindano.

Lakini lililo kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni hila moja ya waandishi wa miswada ambayo sisi watazamaji tumeizoea mno hata hatuioni tena. Mtoto wa miaka saba anapelekwa shule ya bweni. Baada ya miezi michache anarudi akiwa kijana wa miaka 18, anaigizwa na mtu mwingine kabisa, na tayari yuko katika mapenzi mazito. Hufanywa hivyo kwa sababu visa vya vijana wanaopendana huvutia watangazaji wa biashara, ambao kwa miongo mingi wamelipia zaidi macho ya wanawake wa kati ya miaka 18 na 49. Mama wa kijana huyo je? Mwigizaji aliyekuwa na miaka 36 analala akiwa mama wa mtoto mdogo na kuamka akiwa mama mkwe. Mwaka unaofuata ni bibi, na akishakuwa bibi hapendwi tena na mtu yeyote, hagombanii mali wala hana siri. Kazi yake inakuwa kusimama mlangoni na kutoa ushauri. Wakati huohuo mume wake wa zamani, mwenye mvi kichwa kizima, anaandikiwa ndoa mpya na msichana aliye rika la binti yake. Mwanamke akiyaona haya yakiwapata wenzake mmoja baada ya mwingine, anaelewa vizuri kwamba njia pekee ya kuendelea kuandikiwa visa ni kuonekana kama dada wa mwanawe.

Nafasi zenyewe nazo zimepungua sana. Tamthilia ya Guiding Light ilifungwa mwaka 2009 baada ya miaka 72 ya kurushwa redioni na katika televisheni. As the World Turns ikafuata mwaka 2010, mwaka uleule alipofariki Helen Wagner akiwa na miaka 91, mwanamke aliyekuwamo katika kipindi chake cha kwanza kabisa cha mwaka 1956 na ambaye bado alikuwa akiigiza mhusika huyohuyo. All My Children ikaondoka mwaka 2011 na One Life to Live mwanzoni mwa mwaka 2012. Zilibaki tamthilia nne tu za mchana katika mitandao mikubwa ya televisheni ya Marekani, na wanawake wenye uzoefu wa miongo wakajikuta wakigombania nafasi chache mno na wasichana ambao ndiyo kwanza wanaanza.

Simkatazi mtu mzima kuamua atakavyo juu ya mwili wake. Nasikitika tu kwamba uamuzi wenye hatari hufanywa chini ya shinikizo namna hii na kisha tunaucheka. Kuvuta ngozi ya uso ni upasuaji kamili, wenye nusu kaputi au ganzi, wenye uwezekano wa damu kuvilia chini ya ngozi, wa jeraha kuacha kovu, na wa kuumia kwa neva inayoendesha misuli ya uso, kitu ambacho kwa mwigizaji ni sawa na mpiga gitaa kupoteza vidole. Uvimbe na michubuko huchukua wiki kadhaa kupona, na kwa kazi ya siku tano kwa wiki hakuna wiki hizo; kwa hiyo wengi hukimbilia sindano, zinazowawezesha kurudi kazini mapema. Sindano nazo si mchezo. Dawa ya kujazia mashavu ikiingia ndani ya mshipa wa damu kwa bahati mbaya, ngozi inaweza kufa, na katika matukio machache watu wamepofuka.

Hasara nyingine twaiona wenyewe tukiwa tumekaa mbele ya televisheni. Mama anaambiwa kwamba mwanawe amefariki katika ajali. Macho yanajaa machozi, sauti inakatika, midomo inatetemeka, lakini kipaji cha uso kimetulia tuli, kwa sababu misuli ya kukikunja imelazwa kwa dawa. Mwigizaji hodari ananyang'anywa nusu ya zana zake na kazi ileile inayomtaka atutoe machozi. Kisha sisi tunasema hajui kuigiza. Akiacha uso wake jinsi ulivyo tunasema amechakaa, na akiurekebisha tunasema amejiharibu.

Watayarishaji hujitetea kwamba watazamaji hawataki kutazama wazee. Lakini mtazame mwigizaji Jeanne Cooper, aliyeingia katika The Young and the Restless mwaka 1973. Mwaka 1984, akiwa katikati ya miaka ya hamsini, alivutwa ngozi ya uso kwa kweli, na picha za upasuaji wake mwenyewe zikaingizwa katika kisa cha mhusika wake, Katherine Chancellor, mbele ya watazamaji wa nchi nzima. Hakuficha kitu, nami namheshimu kwa hilo. Ila lililomdumisha kazini miaka mingine karibu 30 haliwezi kuwa upasuaji ule, maana uso wake uliendelea kuzeeka mbele yetu kama uso wowote. Waandishi walizidi kumpa pombe ya kupambana nayo, kampuni ya kuiendesha, maadui na wapenzi. Mwaka 2008, akiwa na miaka 79, alishinda Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, ya mwigizaji bora wa kike wa tamthilia za mchana, na alikuwa bado na nafasi hiyo alipofariki mwaka 2013 akiwa na miaka 84.

Mwaka huohuo wa 2008, huko Uingereza, tamthilia ya EastEnders ilirusha kipindi kizima alichokiigiza mwigizaji wake June Brown peke yake, akiwa na miaka 80, na kipindi hicho kikamfanya ateuliwe kuwania BAFTA, tuzo ya filamu na televisheni ya Uingereza, ya mwigizaji bora wa kike. Utu uzima dawa, na katika nusu saa ile mikunjo ya mama yule ilieleza maisha ya mhusika wake kuliko maneno aliyopewa. Watazamaji hawakukimbia.

Kwa hiyo ninaliomba gazeti lako mambo mawili. Picha hizo za mbilimbili zikomeshwe, kwani hazimfundishi msomaji kitu ila kumdharau mwanamke aliye kazini. Na mwandishi wenu wa burudani anapopata nafasi ya kumhoji mtayarishaji au mwandishi wa mswada wa tamthilia yoyote, amuulize ni wanawake wangapi waliovuka miaka 50 ambao hivi sasa wana kisa chao wenyewe katika tamthilia yake, kisa kisichomhusu mtoto wala mjukuu, kisha jibu lichapishwe kama lilivyotolewa, jina la aliyejibu likiwa juu yake.

Msomaji wenu wa siku nyingi