Mjukuu wangu hakukosea kuhusu Idi

Mhariri,

Mjukuu wangu wa darasa la pili alirudi nyumbani hivi karibuni na daftari lenye mkasi wa kalamu nyekundu. Swali lilimtaka ajaze mwezi wa Idi el Fitri, naye, kwa kuwa ndivyo anavyonisikia nikitaja, akaandika "mfunguo mosi", yaani mwezi wa kwanza baada ya Ramadhani. Jibu lililotakiwa lilikuwa Aprili.

Sina ugomvi na mwalimu wake; nami nimeshika chaki miaka mingi na ninajua jinsi kalenda ya ukutani inavyopunguza kazi. Hata hivyo, Idi iliyosaliwa Aprili 10 mwaka 2024 ilisaliwa Machi 31 mwaka uliofuata, kwani mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku zipatazo 11, na mwaka 2030 Ramadhani itaandama mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Sijui daftari litasemaje siku hiyo. Wazee wetu, waliohesabu miezi tangu watu wanapofungua, mfunguo mosi, mfunguo pili, hadi mfunguo sita wa Maulidi, hawakuwa na haja ya kusahihisha kitu.

Ningependa watoto wadogo wafundishwe sikukuu kwa kuutazama mwezi wenyewe. Hapa Tanga, Mwislamu, Mkristo na Mhindu huweza kukaa dawati moja. Idi huja mwezi unapoandama. Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia Machi 21, ndiyo maana nayo huhamahama. Diwali huwashiwa taa usiku ambao mwezi hauonekani kabisa, na mtoto akilijua hilo hahitaji kuelezwa taa zile ni za nini. Haya yote anaweza kuyaona akiwa barazani kwao, bila yeyote kumwambia dini ipi ni bora.

Badala yake, kila Desemba watoto wetu hupewa picha ya theluji wapake rangi. Krismasi wanayoijua wao ni sahani ya pilau iliyofunikwa kitambaa, inayovuka uchochoro kwenda kwa jirani, na ambayo siku ya Idi hurudi na vileja. Mwalimu amwulize mtoto kwao hupikwa nini siku hiyo, na kwa nini, kisha amwachie aeleze wenzake.

Mjukuu wangu aliniuliza kama afute jibu lake. Nimemwambia aliache.

Mwalimu mstaafu,
Tanga