Hizo namba zikifika, nani anaziangalia?

Mhariri, salaam.

Naomba nafasi niseme kuhusu hizi mashine na aplikesheni za kufuatilia wagonjwa wakiwa majumbani, maana kila nikigeuka naona imezinduliwa nyingine, watu wanapiga makofi, wanapiga picha, na hakuna anayeuliza imejaribiwa wapi na kwa wagonjwa gani.

Mama yangu ana presha na sukari, anaishi Korogwe, mimi niko Dar. Mwaka jana hospitali anapotibiwa ikampa mashine ya presha inayounganishwa na simu, anajipima asubuhi na jioni, namba zinaenda zenyewe, na sisi watoto tukalala usingizi wa pono tukijua kuna mtu anaziona. Kumbe hakuna. Siku tatu mfululizo presha ilikuwa juu ya 190, nampigia ananiambia "mwanangu ni kichwa tu, ingekuwa mbaya hao wa hospitali si wangeshapiga". Yaani ule ukimya wao mama aliuona ndio jibu, kwamba yuko salama. Jirani ndiye aliyempakia kwenye bodaboda akamkimbiza. Nilipofuatilia nikaambiwa namba zote ziliingia vizuri kwenye kompyuta, ila nesi aliyekuwa anaziangalia alihamishwa na hakuwekwa mwingine. Mashine haikuwa na kosa hata moja, na mama angekufa hivyohivyo.

Tangu hapo nimekuwa nasoma kila ninachopata kuhusu haya mambo, na kilichonigusa zaidi kiko hapa jirani tu, Kenya. Utafiti wao ulitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2010, wagonjwa 538 walioanza ARV, karibu nusu yao wakawa wanatumiwa mesej moja kwa wiki yenye neno moja, "Mambo?", na mgonjwa anajibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Hakuna bando, simu ya kitochi inatosha. Aliyejibu shida anapigiwa simu na mtu wa kliniki, na ambaye hakujibu kabisa naye anapigiwa. Hapo niliacha kusoma kwanza nikamfikiria mama, maana wale watu ukimya wa mgonjwa waliuhesabu kuwa ni taarifa. Baada ya mwaka, waliomeza dawa inavyotakiwa walikuwa asilimia 62 kwa waliotumiwa mesej na 50 kwa wasiotumiwa. Sawa, hayo ni majibu ya wagonjwa wenyewe na mtu akiulizwa na nesi anaweza kupamba kidogo, lakini damu pia walipima, na waliofubaza virusi walikuwa asilimia 57 kwa 48.

Halafu mesej za namna hiyohiyo zikajaribiwa Kibera, kule Nairobi, kwa wagonjwa 700, safari hii wakitaka kujua kama zitasaidia watu wasipotee kliniki ndani ya mwaka wa kwanza, matokeo yakatoka 2018 na tofauti haikuonekana, asilimia 79 ya waliotumiwa mesej walibaki kliniki, na 81 ya wasiotumiwa. Mimi nawaheshimu sana kwa kulitangaza hilo. Kitu kimesaidia watu kumeza dawa, hakijasaidia wasiache kliniki, na bila kupima tena wangeendelea kukisambaza kila mahali kwa sifa ya ule utafiti wa kwanza.

Wenye pesa nao imewakuta. Marekani waliwafuatilia wagonjwa 1,653 wa moyo, waliopewa huduma mpya wakawa wanapiga simu kila siku kwenye mfumo unaojiendesha, wanabonyeza namba kueleza dalili na uzito wao, na baada ya siku 180 waliorudi kulazwa au kufariki walikuwa karibu sawa na wale wasiokuwa na huduma hiyo. Asilimia 14 ya waliopewa hawakuwahi kuutumia mfumo hata mara moja. Sasa hapa kwetu nani anahesabu ni wangapi walipewa mashine ikaishia kabatini kwa sababu betri imekufa au mjukuu mwenye simu karudi shule?

Na kuna hili la ngozi, naomba lisomwe vizuri. Kale kamashine kanakobana kidole kupima oksijeni kanatumia mwanga unaopita kwenye ngozi. Madaktari wa Michigan, Marekani, walilinganisha namba zake na za damu iliyotolewa kwenye mshipa, wakaandika mwaka 2020 kwamba mashine ikionyesha oksijeni ni asilimia 92 hadi 96, kumbe damu iko chini ya 88 katika asilimia 3.6 ya vipimo vya weupe, na 11.7 ya vipimo vya weusi. Na sisi mashine za namna hiyo tunazinunua hapa Kariakoo, tunampa mzee nyumbani, tunamwambia ikishuka tu utupigie.

Kwa hiyo hospitali ikija na mashine mpya mimi sitaki kuambiwa wamejiunga watu wangapi, hiyo ni hesabu ya muuzaji. Nataka kujua wangapi walioonyesha hatari walipigiwa simu, baada ya saa ngapi, na nani yuko zamu Jumapili usiku, na mashine imelinganishwa na vipimo vya watu wenye ngozi kama yangu au la. Wizara ikidai majibu hayo kwa maandishi kabla ya kuruhusu chochote, wagonjwa wengi watapona.

Mama kwa sasa ana daftari. Anajipima kwa mashine ileile, anaandika kwa mkono, na kila siku saa mbili usiku ananitumia namba kwa mesej ya kawaida, ikifika saa tatu sijapata kitu nampigia, asipopokea nampigia jirani. Hospitali nimeshaiandikia mara mbili kuuliza nani anakaa kwenye ile kompyuta. Sijajibiwa.

Msomaji wako,
Dar es Salaam