Kwa nini kukata pete ni elfu arobaini na ufunguo wa akiba ni elfu tatu

Wiki hii nimeitwa mwizi tena. Safari hii na mama mmoja wa Shangani, hapa Mtwara, mteja wetu wa miaka, ambaye funguo za duka lake zote tumezichonga sisi. Alikuwa na mashtaka mawili. La kwanza, nimemtoza mumewe elfu arobaini kwa kazi ya nusu saa. La pili, na ndilo lililomuuma, nimemfungua mumewe bila yeye kuulizwa, ilhali ufunguo alikuwa nao yeye, safarini Masasi, ndani ya mkoba.

Kwa wasioelewa tunazungumzia nini: kuna wanandoa, na si wachache kama mnavyodhani, wanaokubaliana bwana avae kifungio. Ni kibweta kidogo cha chuma au plastiki ngumu kinachofunika uume, kimeshikwa na pete inayopita nyuma ya korodani, kisha kufuli dogo linaviunganisha. Ufunguo anakaa nao mke. Wapo wanaovaa usiku mmoja kwa mchezo wao, wapo wanaovaa kipindi mmoja wao yuko safarini. Sababu zao siulizi. Kwangu wanakuja kama mwenye kabati bovu anavyokuja, ila hawa huja saa moja jioni na huanza kwa kuulizia kufuli za baiskeli.

Na tafadhali msichanganye na ule uganga wa kumfunga mume, kufuli linasomewa kisha linatupwa baharini. Hao nao nawapata. Kuna bwana aliniletea kufuli lenye kutu alilolifukua kizingitini kwake, akasema nguvu zake zimo humo. Nililifungua kwa elfu mbili, bei ya kufuli lolote. Baada ya wiki akarudi kunishukuru, sikubishana naye. Lakini yule alifungwa bila kujua, kama kweli alifungwa. Wateja ninaowaandikia hapa wamekaa chini wakakubaliana, wote wawili.

Ndiyo maana mama wa Shangani namjibu hivi. Anayevaa akisema fungua, nafungua. Sipigi simu kuomba ruhusa kwa mwenye ufunguo. Makubaliano yenu ni yenu, ila siku mmoja anapotaka kutoka na mwingine anakataa, hayo si makubaliano tena, na mimi si askari magereza. Mumewe alisimama mlangoni pangu ameshika ukuta. Ningemwambia asubiri basi la kesho kutoka Masasi?

Sasa bei. Kufuli la kifungio kile lilikuwa la ndani kwa ndani, silinda nyembamba kama peni, imeingia kutu, haichokonoleki. Ikabaki kukata pete. Mtu akisikia kukata anafikiria grenda, na hapo ndipo watu wanapoumia. Grenda inapasha chuma moto kwa sekunde chache, na chuma kile kimegusa ngozi laini kuliko zote alizonazo mwanaume. Nina mteja wa Chuno aliyeanza kwa fundi wa kuchomelea mageti, kwa elfu tano. Alipofika kwangu pete ilikuwa imekatwa robo, na pembeni pana lengelenge la kuungua. Akanilipa arobaini zangu, na zahanati akawalipa zao.

Mimi natumia msumeno wa sonara, uzi wake mwembamba kama unywele. Chini ya pete napenyeza kibati cha shaba nilichokikunja mwenyewe, kinachokaa kati ya meno ya msumeno na mwili. Mivuto kumi, naweka maji. Mivuto kumi, maji. Pete ya stenlesi ya milimita nne inakula nyuzi tatu za msumeno, wakati mwingine nne, na lazima ikatwe sehemu mbili kwa sababu haipanuki. Mlango umefungwa, kijana wangu nimemtuma sokoni, na wateja wa funguo wanagonga wanaondoka. Hiyo ndiyo elfu arobaini. Ukiona nyingi, ujue sijaweka gharama ya kunyamaza.

Ila pakishavimba, pakiwa pa baridi, pa bluu au ganzi, usije kwangu hata kama unazo laki. Nenda hospitali ya Ligula muda huohuo. Damu iliyozuiwa haingoji aibu iishe.

Karibu kila niliyemkatia alianza na ubahili uleule: kukisia saizi. Pete huuzwa kwa kipenyo, mara nyingi milimita 40, 45 au 50, na bwana anaagiza 40 kwa sababu anataka ibane. Chukua uzi, zungusha nyuma ya korodani na juu ya uume ukiwa umetulia, pima kwa rula, gawanya kwa 3.14. Uzi wa milimita 141 ni pete ya 45. Ikikaa, kidole kidogo kipite kati ya pete na ngozi. Halafu anza kwa muda wa saa mbili tu, mchana, mpo nyumbani. Usianze usiku. Uume wa mwanaume mzima husimama mara kadhaa usingizini bila yeye kuwa na habari, na pete iliyokuwa sawa saa tatu usiku inakuwa adui saa tisa.

Ubahili wa pili ni chuma. Vile vya bei ya kutupa ni zinki iliyopakwa kromu. Kwa hewa yetu ya chumvi, jasho na joto hili, rangi inabanduka ndani ya miezi, na chini yake mara nyingi pana nikeli inayowasha ngozi za wengi. Stenlesi ni ghali, ndiyo, ila inaoshwa kila siku kwa maji na sabuni na haikuaibishi. Kufuli chukua la shaba nyeupe au ya njano, usilimiminie mafuta ya kupikia kama bwana mmoja wa Mikindani. Mafuta yanashika vumbi, pini zinaganda. Kwangua risasi ya penseli, unga wake utie tunduni. Bei yake ni penseli.

Kijana mmoja alitaka nimwagizie kile cha kufunguliwa kwa simu. Nilikataa. Mwaka 2020 wataalamu wa Pen Test Partners, kampuni ya usalama wa kompyuta ya Uingereza, walionyesha kwamba Cellmate, kifungio cha kampuni ya Qiui ya China, kingeweza kufungwa na mtu baki kupitia intaneti, na hakikuwa na ufunguo wa mkono wa dharura. Huku kwetu umeme wenyewe una siku zake.

Kinachonishangaza ni ufunguo wa pili. Nawaambia wote siku ya kwanza: nichonge wa akiba, uwekwe kwenye bahasha iliyobandikwa, saini ya mke juu ya mdomo wa bahasha, ikae kabatini. Bahasha ikichanwa atajua, na akijua mtazungumza. Wanacheka, wanasema ukiwepo wa pili utamu unaisha. Elfu tatu hiyo wanaikwepa.

Mama wa Shangani, wako nimeshauchonga kwa kifungio kipya mlichoniletea. Bahasha nimenunua mimi. Elfu tatu, na haipungui.