Jukwaa la Houston, 1992

Mpendwa Mwanaidi,

Ama baada ya salamu, barua yako imefika, na swali lako nimelipenda: kwa nini wagombea wa Marekani huwapandisha jukwaani wake zao, watoto, hata wajukuu, na je, wanapata kura kwa kufanya hivyo? Kwa kifupi, ukionyesha familia yako mwenyewe unavuna kitu, na ukigeuka kuzipima familia za wenzio utalipia. Kwa urefu, itabidi twende Houston, Agosti 1992, kwenye mkutano mkuu wa chama cha Republican. Kwa kuwa unataka kulifundisha darasani, nianze na namna mkutano mkuu wa chama unavyopangwa.

Waondolee wanafunzi dhana kwamba wajumbe wanakwenda kuchagua mtu. Kura za mchujo za majimbo huwa zimemaliza kazi hiyo miezi kadhaa kabla. Mara ya mwisho Republican kuingia ukumbini bila uhakika ilikuwa Kansas City, 1976, Rais Gerald Ford alipompita Ronald Reagan kwa kura 1,187 kwa 1,070. Tangu hapo mkutano umekuwa kama harusi ambayo ndoa imekwisha fungwa, na waalikwa wamekuja kumwona bibi harusi. Ilani nayo huandaliwa na kamati kabla ya ufunguzi, na watu wachache mno huisoma. Kinachobaki ni siku nne za runinga, kwa desturi Jumatatu hadi Alhamisi. Chama kisichoshika urais hutangulia, chenye urais hufuata, na usiku wa mwisho ni wa mgombea mwenyewe.

Sasa shika hili la saa, maana ndilo lililowaponza. Zamani runinga tatu kubwa, ABC, CBS na NBC, zilionyesha vikao kwa kirefu. Kufikia miaka ya 1990 zilikuwa zinatoa muda mfupi tu kila usiku, na dakika zenye thamani kuliko zote zilikuwa kati ya saa nne na saa tano usiku kwa saa za pwani ya mashariki. Baada ya saa tano, watu wa New York, Pennsylvania na Florida wanazima runinga na kulala. Kwa hiyo mpangaji wa mkutano ana mali moja tu ya kugawa, nayo ni ile saa. Unayempa ndiye anayekuwa sauti ya chama, upende usipende.

Rais George Bush, aliyekuwa akiomba muhula wa pili, alifika Houston akiwa hoi. Mwaka 1988, kwenye mkutano wa New Orleans, aliahidi kwamba hakutakuwa na kodi mpya. Mwaka 1990 akakubali kodi zipande. Pat Buchanan, mchambuzi wa siasa wa mrengo wa kulia, akamkabili ndani ya chama na kupata takriban asilimia 37 kwenye mchujo wa New Hampshire, Februari 1992. Juni ukosefu wa ajira ukafika asilimia 7.8. Kambi ya Bush ilitaka Buchanan amuunge mkono hadharani, na Buchanan akapewa jukwaa Jumatatu, Agosti 17, katika saa ile nzuri.

Alimuunga mkono kweli. Kisha akasema nchi imo katika vita vya kidini na vya kitamaduni, akavilinganisha kwa uzito na Vita Baridi vyenyewe, akamshambulia kwa jina Hillary Clinton, mke wa Bill Clinton aliyekuwa mgombea wa Democrat, akagusa utoaji mimba, mashoga, na wanawake kupelekwa vitani. Ndani ya Astrodome, uwanja wa mkutano, walimshangilia sana. Hapo ndipo mtego ulipo: ukumbi umejaa wanachama sugu, ilhali kura zinazotafutwa ziko sebuleni kwa mtu ambaye hajaamua. Ratiba nayo ikateleza. Rais mstaafu Ronald Reagan, mwenye miaka 81, mtu aliyejua kuliko wote kusema maneno magumu kwa sauti ya babu, akaanza hotuba yake baada ya saa tano usiku za mashariki. Mkali akapata watazamaji, mpole akapata waliosinzia.

Jumatano ndiyo iliyotengwa kwa familia, na uwape wanafunzi usiku huo mzima, kwa sababu wanawake watatu walisimama na kusema mambo matatu tofauti. Marilyn Quayle, mke wa makamu wa rais, mwanasheria aliyekuwa ameacha kazi yake, alisema si wote wa kizazi chao waliotumia dawa za kulevya au kukwepa jeshi, akaongeza kwamba wanawake wengi hawataki kukombolewa kutoka kwenye asili yao ya kike. Mama anayetoka kazini saa kumi na mbili jioni, hata kama ni Republican, alijisikia amesemwa. Kisha Barbara Bush, mke wa rais, akasema, kwa maana yake, vyovyote unavyoielewa familia, hiyo ndiyo tunayoikusudia, na wajukuu wakapanda jukwaani. Na Mary Fisher, mama wa watoto wawili kutoka familia kubwa ya Republican, alisimama akasema ana virusi vya UKIMWI, na kwamba yeye ni mmoja na shoga mpweke na mtoto mweusi aliyelazwa hospitalini. Ukumbi ulinyamaza, wengine wakalia. Kwangu mimi hiyo ndiyo hotuba bora ya wiki nzima. Lakini mtazamaji aliyeona Jumatatu na Jumatano angeuliza kwa haki: chama hiki kinamkaribisha nani?

Swali hilo lilikuwa limeshaanza kunuka tangu Mei, pale Dan Quayle, akihutubia San Francisco baada ya ghasia za Los Angeles, alipomlaumu Murphy Brown kwa kuzaa bila mume. Murphy Brown ni mtangazaji wa habari wa kubuniwa, mhusika wa kipindi cha vichekesho! Hoja ya Quayle kuhusu umaskini na watoto wasio na baba ilistahili mjadala, lakini gazetini kikabaki kichekesho cha makamu wa rais akigombana na mtu asiyekuwepo.

Democrat walikuwa wametangulia mwezi mmoja, Madison Square Garden, Julai 13 hadi 16. Waliijua hatari yao: Clinton alikuwa ameandamwa na uvumi wa wanawake na habari za kukwepa jeshi. Hawakubishana juu ya maadili. Walitoa filamu fupi ya maisha yake: baba aliyekufa kwa ajali ya gari miezi mitatu kabla hajazaliwa, mama muuguzi, baba wa kambo mlevi. Al Gore, mgombea mwenza wake, akasimulia mwanawe wa miaka sita alivyogongwa na gari mwaka 1989. Kisha Clinton akasema amechoka na wanasiasa wa Washington wanaowahubiria watu maadili ya familia. “Familia zetu zina maadili,” alisema, “serikali ndiyo haina.” Sentensi hiyo ilimhamisha mtazamaji kutoka kiti cha mshtakiwa hadi kiti cha mlalamikaji. Lakini usiwasafishe kupita kiasi: Bob Casey, gavana wa Pennsylvania aliyepinga utoaji mimba, hakupewa nafasi ya kuhutubia.

Jambo ambalo walimu wengi hulisahau ni sheria. Septemba 22, 1992, wiki chache baada ya Houston, Bush alikataa kutia saini muswada wa likizo ya familia. Clinton aliusaini Februari 5, 1993: wiki 12 bila malipo kwa mzazi mwenye mtoto mchanga au mgonjwa nyumbani, kwa waajiri wenye wafanyakazi 50 au zaidi. Mpinzani akitaka kuuliza maadili ya familia yanamaanisha nini mwisho wa mwezi, ameshapewa silaha.

Novemba Clinton alipata asilimia 43.0, Bush 37.4, mgombea huru Ross Perot 18.9; kura za wajumbe wa majimbo, ndizo zinazoamua urais, zikawa 370 za Clinton kwa 168 za Bush. Usiseme Houston ndiyo iliyomwangusha Bush. Uchumi ulitosha. Houston ilimnyima wiki aliyoihitaji ili kuzungumza jambo jingine.

Chama kilijifunza. San Diego, 1996, Buchanan hakupewa saa ile, Jenerali mstaafu Colin Powell aliwekwa mbele, na Elizabeth Dole akashuka jukwaani na maikrofoni mkononi, akitembea kati ya wajumbe kumsifu mumewe, mgombea Bob Dole. Kila kitu kilikuwa safi mno hadi mtangazaji Ted Koppel wa ABC akafungasha vifaa na kuondoka, akisema hakuna habari pale. Bob Dole alishindwa vilevile.

Mfano wa Obama unaujua, ila tazama ratiba yake: mkutano wa Democrat, Boston, Jumanne, Julai 27, 2004, usiku ambao runinga tatu kubwa hazikurusha mkutano. Alisimulia baba aliyechunga mbuzi Kenya, babu aliyekuwa mpishi wa Waingereza, mama wa Kansas. Hakumhukumu mtu. Hotuba ilisambaa bila ile saa ya dhahabu. 

Na ili usiifanye kanuni ya chuma, wape 2024. JD Vance, mgombea mwenza wa Donald Trump, alitambulishwa kwenye mkutano wa Republican, Milwaukee, na mkewe Usha, kwa upole na ucheshi, huku maneno yake ya 2021 juu ya wanawake wasio na watoto na paka wao yakiibuliwa upya siku chache baadaye. Alichekwa wiki nzima, na akashinda.

Kwa kipindi chako, anza na hotuba tatu za Jumatano ya Houston bila kutaja majina ya wasemaji. Waulize kila moja inazungumza juu ya familia ya nani, na nani atazima runinga. Kisha waonyeshe saa. Rekodi zipo C-SPAN, runinga ya Marekani inayorusha shughuli za siasa; Mary Fisher ni dakika 13 tu, inatosha kipindi kimoja pamoja na maswali.

Wasalimie wote nyumbani.

Wako daima,
Salim