Mgonjwa asiye na jeraha: Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mafunzo ya Huduma za Dharura

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Ninafundisha wanafunzi wa uparamediki, yaani wahudumu wa dharura wa gari la wagonjwa. Nakuandikia hadharani kuhusu wagonjwa ambao mtaala unaousimamia unawapa saa chache kuliko wanavyostahili: wale wanaougua ndani ya mwili, ambao nje hawaonyeshi kidonda wala mvunjiko.

Mwanafunzi wetu anajua kufunga banzi, kuituliza shingo ya majeruhi na kuzuia damu inayomwagika. Ujuzi huo ni wa lazima. Pia ni rahisi kuutahini, kwa sababu mtahini anaona kwa macho kama banzi limekaa sawa. Sasa mpeleke mwanafunzi huyohuyo kwa mama wa miaka 70 aliyeketi kitandani, anayesema tu kwamba tangu jana mwili hauna nguvu. Nimewaona wengi wakisimama hapo wakiitazama mashine ya vipimo, wakingoja iwaambie neno.

Mama huyo anaweza kuwa amepata mshtuko wa moyo bila maumivu ya kifua, hali inayoonekana zaidi kwa wazee, wanawake na wenye kisukari. Anaweza kuwa na maambukizi yaliyosambaa mwilini bila homa yoyote, kwa kuwa mwili wa mzee haupandi joto kila mara. Anaweza kuwa anavuja damu tumboni polepole, choo chake kimekuwa cheusi, na hakuna aliyemuuliza. Au ameanzishiwa dawa mpya ya presha wiki hii. Mambo haya hutenganishwa kwa maswali yaliyopangwa, kwa kumgusa na kumsikiliza mgonjwa, na kwa vipimo vinavyorudiwa njiani. Kipimo kimoja ni picha ya dakika moja tu. Vipimo vitatu vinaonyesha mgonjwa anaelekea wapi.

Niruhusu nikae kidogo kwenye upumuaji, maana hapo ndipo udhaifu wa mafunzo yetu unapojitokeza wazi. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Kuzihesabu pumzi hakuhitaji kifaa zaidi ya saa, lakini fomu nyingi ninazosahihisha zina 16 au 18, na najua kabisa zimekisiwa. Katika vigezo vitatu vya kando ya kitanda vilivyopendekezwa mwaka 2016 kutambua wagonjwa wa maambukizi walio hatarini, kimojawapo ni pumzi 22 au zaidi kwa dakika. Vingine ni kuchanganyikiwa, na namba ya juu ya kipimo cha presha kuwa 100 au chini ya hapo. Anayekisia 18 amekifuta kigezo kabla hajakipima. Kisha kuna namna ya kupumua yenyewe. Pumzi nzito na za haraka za mwenye kisukari ambaye damu yake imejaa asidi zilielezwa na daktari wa Ujerumani, Adolf Kussmaul, mwaka 1874, na hadi leo mgonjwa wa namna hiyo huambiwa atulie, ana wasiwasi tu. Na mgonjwa wa pumu ambaye kifua chake kilikuwa kikipiga miluzi, kisha kikanyamaza huku yeye akizidi kuchoka, hajapata nafuu. Hewa haipiti tena. Sanamu la mazoezi halimfundishi mtu jambo hili hata ulirudie mwaka mzima.

Sukari nayo. Ikishuka chini ya milimoli 4 kwa lita inaweza kuiga kiharusi: mdomo kupinda, mkono mmoja kulegea, maneno kuvurugika. Tone moja la damu kidoleni linatoa jibu. Aliye macho na anayeweza kumeza hupewa gramu 15 hadi 20 za glukosi. Asiyejitambua hawekewi kitu mdomoni. Hupewa dekstrozi (maji ya sukari) ya asilimia 10 kwenye mshipa, au glukagoni, homoni inayopandisha sukari, miligramu 1 kwenye msuli. Wanafunzi wanazikariri dozi hizo vizuri. Wanachokosa ni swali linalofuata: kwa nini imeshuka? Anayetumia baadhi ya vidonge vya kisukari vinavyochochea kongosho kutoa insulini anaweza kuamka, akashukuru, akaachwa nyumbani, na sukari ikashuka tena baada ya saa kadhaa.

Wapo wanaoamini bado kwamba oksijeni nyingi haimdhuru mtu. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa na maparamediki wa Tasmania, Australia, kwa wagonjwa 405 waliodhaniwa kuwa na ugonjwa sugu wa mapafu. Waliopewa oksijeni kwa wingi walifariki asilimia 9. Waliopimiwa ili kiwango cha oksijeni katika damu kibaki kati ya asilimia 88 na 92 walifariki asilimia 4. Gari lilikuwa na oksijeni ileile, na tofauti ilikuwa katika uamuzi wa mhudumu.

Utaambiwa kwamba paramediki si daktari, kazi yake ni kumfikisha mgonjwa hospitali. Hospitali ipi, Mheshimiwa? Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena si kila hospitali inaitoa. Anayejua mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho saa ngapi ni jirani aliyebaki nyumbani, na paramediki ndiye pekee katika msururu mzima wa tiba atakayemkuta huyo jirani, atakayeona pakiti za dawa mezani na hali ya kitanda. Asipouliza yeye, hakuna wa kuuliza tena. Na huduma hii haikuzaliwa kwenye ajali za barabarani peke yake: mwaka 1966 huko Belfast, Ireland ya Kaskazini, daktari wa moyo Frank Pantridge alianza kupeleka tiba ya moyo kwa mgonjwa alipo, ndani ya gari.

Ninachoomba kinawezekana. Saa za mazoezi ya banzi zinazorudiwa mwaka wa mwisho zihamishiwe wodi za magonjwa ya ndani na kliniki za kisukari na mapafu, na mwanafunzi aende huko kuhoji na kupima wagonjwa, asigeuzwe mtu wa kubeba machela. Wanaowasimamia wapewe muda rasmi wa kufundisha. Sasa wanafundisha wakikimbia. Mtihani wa vitendo uwe na mgonjwa ambaye hali yake inabadilika katikati, na alama zitolewe kwa mwanafunzi anayetaja mambo matatu yanayowezekana, anayesema lipi ataliondoa kwanza kwa kuwa linaua haraka, na anayekubali kubadili mawazo kipimo kikimpinga.

La mwisho ndilo ninaloliona muhimu kuliko yote. Hospitali zirudishe chuoni utambuzi wa mwisho wa kila mgonjwa aliyehudumiwa na mwanafunzi, jina likiwa limeondolewa. Leo wanafunzi wanamkabidhi mgonjwa mlangoni na hawajui kamwe kama walipatia. Hakuna anayejifunza kupima ugonjwa kwa namna hiyo.

Nimekwisha kuandaa mifano ya mitihani na fomu ya marejesho ya hospitali. Naomba siku moja ofisini kwako kabla mtaala haujapitiwa upya, nije nayo pamoja na wakufunzi wenzangu.

Wako katika huduma,
Mkufunzi wa uparamediki